Porsche Inapozeekea Nzega

Nzega ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dodoma na Singida kwenda Kahama hadi mpaka wa Rusumo inakutana hapa na ile inayopanda kutoka Tabora kwenda Shinyanga na Mwanza, na gereji za mjini zinaishi kwa yale yapitayo: malori ya mizigo, matangi ya mafuta, mabasi, Noah, pikipiki. Mafundi wa hapa huyatambua magari hayo hata kwa mlio. Sasa tuchukue Porsche 911 ya mwaka 1980, gari la spoti lililosanifiwa kwa lami laini na baridi ya Ujerumani, tuliache hapa kwa miaka 20. Kitu gani kitaliua kwanza?

Wengi watajibu kutu. Jibu hilo ni sahihi ukiwa Hamburg, na ni sahihi ukiwa Tanga. Nzega mambo yamegeuka: chuma huishi, mpira hufa. Anayetaka kulitunza gari kama hili magharibi ya Tanzania aanzie hapo, maana mazoea ya matunzo yaliyotoka Ulaya yatampeleka macho kwingine.

Kutu ni kemia inayotembea na umeme. Chuma hupoteza elektroni, maji na oksijeni huzipokea, na maji yakiwa na chumvi umeme hupita kwa wepesi zaidi. Ujerumani humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu; kwetu pwani chumvi huletwa na upepo wa bahari. Nzega iko mamia ya kilomita kutoka baharini, mita 1,200 hivi juu ya usawa wake, na tangu Mei hadi Oktoba mvua ni haba mno. Isitoshe, kuanzia modeli za mwaka 1976 bodi ya 911 ilitengenezwa kwa bati lililochovywa kwenye zinki pande zote mbili. Zinki huliwa kwanza, chuma kikabaki salama. Kwa hiyo anayenunua gari la namna hii kutoka pwani alale chini atazame sakafu na mabega ya magurudumu kwa kurunzi kabla hajalipa hata shilingi. Likishafika Nzega likiwa zima, upande huo anaweza kulala usingizi.

Mpira ni habari nyingine. Ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa pamoja kwa salfa, na unyumbukaji wake unatokana na nafasi iliyobaki kati ya vifungo hivyo. Oksijeni ikiingia huongeza vifungo, mpira ukakauka na kuwa mgumu. Ozoni iliyomo hewani hukata minyororo pale mpira ulipovutwa, ndiyo sababu nyufa huanzia kwenye kona za hozi na ubavuni mwa tairi. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, joto likipanda nyuzi 10 kasi ya mmenyuko wa namna hii hukaribia kuongezeka mara mbili. Hapo umri wa hozi katika kalenda haukuambii kitu mpaka ujue imeuishi wapi.

Na 911 inaizidishia hozi adhabu. Injini yake iko nyuma, nyuma kabisa ya ekseli, ikipozwa na feni inayozungushwa na injini yenyewe. Ukizima, feni inasimama papo hapo. Joto lililomo kwenye vichwa vya silinda hupanda juu na kuvioka vipande vifupi vya mpira vinavyopitisha petroli. Mojawapo kikipasuka, petroli inadondokea chuma cha moto, na magari mengi ya aina hii yameteketea kwa njia hiyo. Ningekuwa na fedha ya kazi moja tu kwa gari lililosimama muda mrefu, ningeimalizia hapo: hozi zote za petroli, mpya, za daraja la petroli yenye presha, siku hiyo hiyo. Rangi itasubiri.

Tairi nazo husomwa. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2310 ni wiki ya 23 ya mwaka 2010. Tairi yenye kashata nzuri na tarakimu za zamani ni tairi mbovu, hata kama inapendeza. Ndugu mdogo wa 911, yaani Porsche 944 iliyotengenezwa kati ya 1982 na 1991, ana mkanda wa mpira unaofungamanisha krankshafti na vali. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Mkanda huo hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, chochote kitakachotangulia, na kwenye nchi ya joto miaka ndiyo inayotangulia.

Tuje kwenye vumbi, ambalo Nzega lina nasaba yake. Mji huu umekaa juu ya ngao ya kale ya miamba ya Tanzania, matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukanda wa miamba ya kijani uliomo ndani ya ngao hiyo ndio uliozaa dhahabu ya mgodi wa Golden Pride, uliofanya kazi hapa Nzega tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2014. Tale likioza kwa mvua na jua, madini yake laini hugeuka udongo wa mfinyanzi, lakini kwatzi haiozi. Hubaki kuwa mchanga, ule mchanga mweupe ambao wakulima wa Kisukuma na Kinyamwezi huuita luseni, na magurudumu ya malori huusaga kuwa unga.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ina 7. Aluminiamu haifiki 3, na chuma cha kawaida kiko kati ya 4 na 5. Kila punje iingiayo kwenye injini, basi, ina uwezo wa kukwaruza karibu kila inachokigusa. Injini ya lita tatu ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku mafuta yamekanyagwa yote humeza hadi lita 4,500 za hewa kila dakika. Utando wa oili kwenye beringi una unene wa mikromita chache tu. Punje kubwa mno hunaswa na chujio, na ndogo mno huelea ndani ya oili bila kugusa pande zote mbili. Zinazochimba ni zile zinazolingana na utando wenyewe, na vumbi la barabarani lina nyingi za saizi hiyo.

Watengenezaji walijitahidi. Silinda nyingi za 911 za miaka hiyo zimepakwa ndani nikeli iliyochanganywa na kabidi ya silikoni, ambayo ni ngumu kuliko kwatzi, kwa hiyo silinda husimama imara. Ringi za pistoni na gaidi za vali hazina kinga hiyo, na ndizo huisha. Dalili yake ni moshi wa buluu unapoachia mafuta ukiteremka mlima.

Hapa nina neno kuhusu kompresa. Katika gereji nyingi chujio la hewa hutolewa, likapigwa upepo, likarudishwa. Presha kubwa ikipigwa karibu hupanua vitundu vya karatasi au kuichana kwenye mikunjo, mahali ambapo jicho halioni, na kuanzia hapo chujio linaonekana safi kwa sababu linaruhusu vumbi kupita. Katika msimu wa kiangazi chujio jipya ni nafuu kuliko seti sita za ringi.

Kupoza injini kwa hewa kuliwahi kuwa sifa kubwa katika Afrika Mashariki. Hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe, hakuna maji ya kuchemka. Volkswagen yenye mgongo wa mviringo, kazi ya Ferdinand Porsche, ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Ile 911, iliyochorwa na mjukuu wake Ferdinand Alexander na kuonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, ilirithi wazo hilo hilo na kulitumia hadi 1998. Katika Safari haikubahatika vivyo hivyo: Sobiesław Zasada alimaliza wa pili mwaka 1972, Björn Waldegård wa pili 1974, Vic Preston Mdogo wa pili 1978, akiwa na gari lililoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Waldegård alikuja kushinda Safari ya magari ya zamani mwaka 2011, akiwa na 911, na mwanawe Mathias akimsomea njia. Ushahidi huo unanitosha kusema kwamba gari hili si yai. Lilichokosa mbele ya mawe ya Safari hakikuwa moyo.

Lakini hewa nayo ina masharti. Kwenye mwinuko wa Nzega hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi. Feni inayosukuma zaidi ya lita 1,000 kwa sekunde injini ikiwa kasi, hapa inasukuma lita zile zile zenye uzito pungufu, na kinachobeba joto ni uzito. Injini nayo hutoa nguvu pungufu, kwa hiyo dereva hukanyaga zaidi ili apande kilima kile kile.

Ongeza juu yake kuvuja. Injini kuukuu za 911 huvuja oili, na wenye nazo wamezoea kuliona jambo dogo. Ulaya pengine ni dogo. Nzega oili ikitambaa kwenye mapezi ya silinda, vumbi hunata juu yake na kuwa tope, tope likakauka na kuyavika mapezi kama blanketi. Silinda iliyovikwa inapata joto kuliko jirani zake, sili zake zinakauka upesi, uvujaji unaongezeka, tope linanenepa. Mzunguko huu unaikaanga injini ambayo sindano ya joto dashibodi haijalalamika, kwa sababu sindano hupima oili na haipimi silinda ya tatu. Kuosha mapezi na kuziba uvujaji ni matibabu ya injini, si urembo.

Joto lina ugomvi mwingine na injini za lita 2.7 za 1974 hadi 1977. Mwili wa injini hizo ni wa magnesiamu, chuma chepesi kinachotanuka zaidi ya mara mbili ya chuma cha kawaida. Studi zinazobana vichwa vya silinda ni za chuma. Injini ikichemka, magnesiamu na silinda hutanuka, studi zinakataa, na nyuzi zilizokatwa ndani ya magnesiamu laini zinang’oka. Mwaka 1978 Porsche walirudi kwenye aluminiamu. Mtu akiniomba ushauri wa modeli ya kuleta Nzega, nitamwelekeza kwenye zile za kuanzia 1978.

Kisha kuna jambo linaloweza kumchanganya fundi hodari kabisa wa Toyota. Asubuhi, injini ikiwa baridi, huchomoa kijiti na kupima oili, na yuko sahihi kwa magari yake. Oili ya 911 haikai chini ya injini. Hukaa kwenye tangi lake pembeni, na pampu huizungusha. Hupimwa injini ikiwa ya moto, ikinguruma taratibu, gari likiwa mahali sawa. Ukipima baridi kijiti kinaweza kutoka kikavu. Fundi anaongeza lita mbili, tatu, na zikizidi zinasukumwa hadi kwenye chujio la hewa, gari linafuka moshi, na mtu anaambiwa injini imekufa. Mfumo wote hubeba lita 10 na zaidi, kwa kuwa oili hapa inafanya pia kazi ambayo kwingine hufanywa na maji.

Oili hiyo ikimwagwa isitupwe kabla ya kusomwa. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe juani. Unga wa kijivu mwembamba kwenye sumaku ya nati ya chini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong’aa ambavyo sumaku haivivuti vimetoka kwenye beringi au pistoni, na gari lisiwashwe tena mpaka ijulikane vimetoka wapi.

Oili ya breki huzeeka bila dalili. Hunyonya unyevu wa hewa kupitia hozi, na ile ya daraja la DOT 4 inayochemka kwenye nyuzi 230 ikiwa mpya inaweza kushuka hadi 155 ikishalewa maji. Kila miaka miwili ibadilishwe yote, hata kama gari halitembei.

Tatizo la spea ni la zamani kuliko gari lenyewe. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari la kiwanda cha Gaggenau kuvuka Afrika, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, na petroli yake ilibidi itangulizwe njiani kama vile misafara ya kwenda Tabora ilivyotegemea vituo vya chakula na maji. Hali haijabadilika sana: kitu kidogo kinachokosekana husimamisha kitu kikubwa. Ubunifu wa mafundi wetu ni mali, nami nauheshimu. Bushi, mabano, bomba la ekzosi, hata gasketi ya karatasi vinaweza kuchongwa hapa hapa na vikadumu. Hozi za petroli, vipuri vya breki na studi za vichwa visichongwe na mtu yeyote. Viagizwe kwa namba ya chesisi, visubiriwe.

Kabla ya spea yoyote, kinunuliwe kifaa kimoja: spana ya kupimia nguvu. Nati za vichwa vya silinda hukazwa kwa nyutonimita 32 hivi, nguvu ambayo mkono wa fundi wa Fuso huiona kama mzaha. Nati za magurudumu, ambazo kwenye 911 nyingi ni za aluminiamu, zinataka 130. Bomba la mita moja likichomekwa kwenye spana ya magurudumu na mtu mzima akasimama juu yake, zinapata karibu 700, na uzi wa aluminiamu hautengenezeki tena.