Gundi Iliyochoma Ferrari

Mwaka 2010, Ferrari 458 Italia zikiwa bado mpya kabisa, kadhaa ziliteketea. Kisa? Gundi! Ilishikilia kinga ya joto juu ya magurudumu ya nyuma, jirani na ekzosi, na joto lilipozidi iliweza kuwaka. Ferrari iliyarudisha gereji magari 1,248, ikaondoa gundi na kufunga kinga hizo kwa vishikizo vya chuma.

Bei kubwa haizimi moto.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya Porsche. 911 GT3 mbili ziliungua: bolti za konrodi zililegea, injini ikapasuka, oili ikavuja na kushika moto. Wenye magari yote 785 waliambiwa wasiyaendeshe, na kila gari likawekewa injini nyingine.

Nawe, oili ikivujia ekzosi, muone fundi leo.