Vuli isiyo na mvua: simu inavyokuibia rangi

Nikiwa field mwaka jana, Korogwe, niliwaambia kidato cha pili kwamba Ulaya wana "vuli", majani yanabadilika rangi na kupukutika. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, vuli si mvua?" Darasa likacheka, nami nikacheka, ila jibu sikuwa nalo. Sikuwa na hata picha moja.

Oktoba nikapata wiki mbili Berlin kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Niliapa kurudi na picha za kufundishia. Siku ya kwanza nilipiga mia na ushee kwenye bustani ya Tiergarten. Usiku naziangalia, njano imepauka kama jani la mpapai lililokosa maji. Mbona kwa macho miti ilikuwa inawaka?

Kumbe ni simu. Ikiachwa ijipangie, kamera hukisia rangi ya mwanga ili kitu cheupe kionekane cheupe. Ikikuta picha nzima imejaa njano, inadhani mwanga ndio wa njano, basi inaongeza bluu kusawazisha. Yaani inakufutia kile kile ulichokifuata! Dawa yake: ingia modi ya Pro, tafuta mpangilio wa rangi ya mwanga, chagua alama ya jua na uiache hapo. Alama ya wingu huongeza njano zaidi. Inapendeza Instagram, lakini mimi picha zangu ni za darasani, sikutaka kutia chumvi. Kama simu yako haina modi hiyo, usijaze majani matupu. Acha shina la kijivu au lami ionekane, simu ipate cha kulinganishia.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nimezoea kukwepa kupiga picha mchana, maana Oktoba jua la saa sita Dar liko karibu utosini. Berlin katikati ya Oktoba, hata saa saba mchana jua likiwa juu kabisa, limepanda kama nyuzi 30 tu. Mwanga unakuja kwa ubavu siku nzima. Nilipogeuka nikalielekea jua, likapenya jani kwa nyuma, jamani, ni kama taa. Hapo gusa sehemu inayong'aa kwenye kioo, kisha punguza mwanga.

Na hiyo njano haiji na Oktoba. Imo ndani ya jani siku zote, imefunikwa na kijani cha klorofili. Siku zikifupika na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza klorofili, kijani kinaondoka, njano inabaki. Nyekundu ndiyo hutengenezwa wakati huo, kwa sukari iliyobaki kwenye jani. Ili hilo lionekane, nilipiga mti mmoja wa maple karibu na hosteli, nimesimama pale pale, saa ile ile, siku tisa mfululizo. Lango la Brandenburg nina picha moja, tena imetikisika.

Julai narudi Korogwe. Yule kijana sasa yuko kidato cha tatu. Shule haina projekta, hivyo zile tisa nimezichapisha kwenye karatasi za A4.