Sadaka Si Bei ya Sakramenti

Huko Kabambare, kusini mwa Maniema, mkulima haoni fedha taslimu kila siku. Mavuno yakiisha, baba huenda kanisani na kikapu cha mpunga, mama na karanga au chupa ya mawese. Hiyo ni sadaka kamili.

Walakini twasikia manung'uniko: "Zamani misioni ilitupa sisi, mbona leo yatuomba?" Swali hilo lina asili yake. Vikariati ya Kasongo iliundwa mwaka 1952, ikafanywa jimbo mwaka 1959, Askofu akiwa Richard Cleire wa shirika la Mapadri Weupe. Nyakati zile shule za misioni zilipewa ruzuku na serikali ya Kibelgiji, na Wakristo wa Ulaya waliongeza michango yao. Aliyekua akiona hayo, angedhani nini ila kwamba Kanisa ni ghala la wageni? Siku hizo zimepita. Kanisa ni la wenyewe, pamoja na bati lake livujalo, na kanuni ya 222 ya sheria ya Kanisa yawataka waumini walitegemeze.

Lakini lipo kosa jingine, nalo laumiza zaidi. Mjane asiye na kitu huacha kumleta mtoto abatizwe, kwa kuwa amesikia kwamba lazima alipe kwanza. Huo ni uwongo, awe ameusema nani. Kanuni ya 848 yamkataza mhudumu kudai zaidi ya sadaka iliyowekwa na wenye mamlaka, tena yamwagiza aangalie maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Mara nyingi maskini huhimizwa kwa habari za mjane wa Injili, aliyetia sarafu mbili hekaluni. Ni vema, ila someni na mistari inayotangulia katika Marko 12. Hapo Bwana Yesu awalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Amsifuye mjane na kuiruka lawama hiyo amesoma nusu tu.

Naye kijana atokaye machimbo ya dhahabu ya Namoya, akatia noti kubwa kikapuni ili aonekane, huku mama yake hana chumvi, asome Marko 7 juu ya neno Korbani. Bwana aliwakemea waliomtolea Mungu mali iliyowapasa wazazi wao.

Tena mtoaji ana haki. Kanuni ya 1287 yawaamuru wasimamizi wawape waumini hesabu ya vilivyotolewa, na kanuni ya 1267 yasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo. Fedha ya paa, basi, isinunue petroli ya pikipiki. Mzee akiuliza asionwe mkorofi. Karatasi moja mlangoni yatosha, nayo isomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma: magunia mangapi ya mpunga yamepokelewa, yameuzwa kwa bei gani, fedha zimekwenda wapi, na zimebaki ngapi.