Loreen: Dem wa Uswidi Aliyebeba Eurovision Mara Mbili, na Kwa Nini Wengine Bado Wanalia

Kila mwezi wa tano watu wa Ulaya hujaa mtandaoni wakitusiana juu ya nyimbo. Hiyo ni Eurovision, na jina moja halikosi kwa hizo kelele: Loreen. Ndiye mwanamke wa kwanza kushinda hayo mashindano mara mbili. Kabla yake ni Johnny Logan wa Ireland pekee aliyekuwa ameweza, 1980 na 1987.

Loreen alizaliwa Stockholm mwaka wa 1983, wazazi wake wakiwa Waberber kutoka Morocco. 2004 aliingia Idol ya Uswidi, akamaliza nambari nne. Mwaka uliofuata akatoa ngoma, haikushika. Wengi hapo hupotea kabisa, lakini yeye alienda nyuma ya kamera, akachapa kazi ya kutengeneza vipindi vya TV. Aliporudi 2011 kwa Melodifestivalen, shindano ambalo Uswidi hutumia kuchagua mtu wa kuwawakilisha, hakufika hata fainali.

Mwaka mmodi tu baadaye akaja na Euphoria. Manze, hiyo ngoma ilikuwa noma! Hakuna madensa kumi, hakuna moto. Ni dem miguu peku, nywele usoni, giza na theluji ya kutengenezwa. Baku, Azerbaijan, akafagia pointi 372, na nchi 18 zikampa zile 12 za juu kabisa. Waliomfuata, kina nyanya wa Urusi (ndio, nyanya kabisa, na leso kichwani), walikuwa na 259.

Kitu mimi humheshimia zaidi si hizo pointi. Akiwa Baku alienda kukutana na watetezi wa haki za binadamu, na serikali ya huko ikakasirika. Msanii anayesaka kura angenyamaza.

Halafu sasa: kushinda Eurovision hakukupi doo. Unapewa maikrofoni ya kioo na nchi yako inaandaa shoo ya mwaka unaofuata. Pesa utajitafutia kwa hiti na matamasha, na soko halingoji mtu. Loreen alirudi Melodifestivalen 2017 na akatupwa nje kabla ya fainali. Yaani bingwa wa Ulaya, nyumbani kwao wakamwambia pole, jaribu tena.

Akajaribu. 2023 akabeba Tattoo hadi Liverpool, na hapa ndipo kilio kilipoanzia. Eurovision ina hesabu mbili. Kila nchi ina majaji, watu wa muziki, wanaogawa pointi zao; halafu mafans wanapiga kura zao kando. Mwaka huo hata watazamaji wa nchi zisizoshiriki walipewa kura mtandaoni, ila zote zikahesabiwa kama za nchi moja.

Majaji walimpa Loreen 340. Aliyemfuata kwao, Israel, alikuwa na 177. Mafans nao walikuwa wamependa Käärijä wa Finland, jamaa wa koti la kijani, wakamrushia 376, Loreen akiwa na 243. Ukijumlisha, Loreen 583, Käärijä 526. Ukumbi ulikuwa unaimba jina la wimbo wa Finland huku Loreen akisubiri matokeo.

Ndio maana wengine husema aliibiwa jamaa. Wengine wakaongeza kwamba Uswidi ilipewa ili 2024 waandae wakisherehekea miaka 50 tangu ABBA washinde. Ushahidi wa hiyo sijaona popote. Tena kumbuka Loreen hakuwa wa mwisho kwa mafans, alikuwa kati ya waliopendwa sana. Tatizo la Käärijä lilikuwa majaji, waliompa 150 peke yake. Kama unataka kugombana, gombana na huo mfumo, si na dem aliyeimba.

Shoo ya 2024 iliandaliwa Malmö, mji uleule uliopewa kazi hiyo 2013 baada ya Euphoria.