Titteya, Mgeni Mwekundu Ndani ya Kioo

Wasomaji wenzangu, samaki ninayewaletea leo hafai kitoweo, kwani urefu wake ni sentimita 5 tu hivi. Kwao ni Sri Lanka, katika vijito vyenye kivuli vya kusini-magharibi, na jina lake la kisayansi ni Puntius titteya. Deraniyagala, mtaalamu wa huko huko, alimweleza mwaka wa 1929. Ni wa ukoo mmoja na ningu wetu wa Ziwa Viktoria. Dume akitaka kuzaa huwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Jike ni wa kahawia hafifu.

Uzuri huo ndio uliomponza. Alivuliwa mno ili auzwe ng'ambo, na misitu iliyofunika vijito ikakatwa, hata akawa adimu kwao. Siku hizi wengi wanaouzwa huzaliwa kwa wafugaji. Kabla ya kulipa, uliza wametoka wapi.

Sasa kumfuga. Watu hununua tangi Jumamosi, wakajaza maji ya mfereji na kutia samaki jioni iyo hiyo. Kufikia Jumatano wote wanaelea, tumbo juu! Hata mimi yalinipata, nikamlaumu muuzaji bure. Muuaji alikuwa majini. Kwanza ni klorini: maji yaache katika ndoo iliyo wazi kutwa kucha. Pili ni amonia, itokayo katika kinyesi na chakula kinachooza. Katika tangi lililozoea wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake si kali. Tangi jipya hawamo, na huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka. Ukipata changarawe kidogo kutoka tangi la rafiki, utawahi. Kila juma badilisha robo ya maji, si yote. Sponji ya chujio usiioshe mferejini, utawaua bakteria wako.

Weka samaki sita au zaidi, majike wakiwazidi madume, pamoja na mimea mingi, maana titteya ni mwoga. Joto liwe nyuzi 23 hadi 27. Mombasa hakuna shida, lakini Nairobi mwezi wa Julai, bwana, utahitaji kifaa cha kupasha maji.

Jike hutaga kwenye mimea, na ajabu ni kwamba wazazi hao hao huyala mayai! Wahamishe upesi. Baada ya siku moja au mbili utaona vifaranga, vyembamba kama kope, vimejishikiza kwenye kioo.