Gia Hubadilishwa Kabla ya Mlima

Zamani safari ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikuwa ya tope na kusubiri kivuko cha Ndundu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga nacho kikatiwa lami. Tope likaondoka, mwendo ukaja. Lakini lami haikuondoa miteremko ya mabonde ya mito, kama Mbwemkuru, wala mchanga wa njia za vijijini. Huko gia ina kazi kubwa kuliko breki.

Gia nzito, yaani ya kwanza na ya pili, huyapa magurudumu nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia nyepesi, ya nne na ya tano, hutoa mwendo lakini nguvu hupungua. Wakati wa kubadili, injini yenyewe husema. Ikitetemeka na kugonga, imelemewa, rudisha gia. Ikilia sana na mwendo hauongezeki, inataka gia inayofuata.

Mlimani, rudisha gia mapema, kabla gari halijaishiwa nguvu. Kwenye mchanga, chagua gia nzito kabla ya kuingia, kisha usiibadilishe. Ukikanyaga klachi katikati, magurudumu hukosa nguvu na gari huzama.

Hatari kubwa ni mteremkoni. Wapo madereva wanaotoa gia na kuliachia gari, wakidai wanabana mafuta. Gari likiwa halina gia, injini hailizuii tena. Mzigo wote huangukia breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikizidi joto hazishiki. Kuirudisha gia gari likiwa limeshakolea mwendo ni vigumu, na kwa lori lililojaa huenda isiingie kabisa.

Hata hayo mafuta hayabanwi. Magari mengi ya siku hizi yenye mfumo wa kompyuta hukata mafuta yanaposhuka yakiwa kwenye gia na dereva ameachia pedeli ya mafuta. Ukitoa gia, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike.

Kanuni ya madereva wa zamani ingali sahihi: shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo, na uiweke ukiwa bado juu.

Nawe abiria, ukisikia injini imenyamaza ghafla huku basi likizidi kukimbia mteremkoni, usinyamaze. Mwambie dereva arudishe gia mapema, angali anaweza.