Kihispania cha AP: hata aliyezaliwa nacho anachemsha!

LUGHA umezaliwa nayo. Mama anakufokea kwa lugha hiyo, bibi anakuombea dua kwa lugha hiyo, na ukijigonga nyundo kidoleni ni hiyo hiyo inayokutoka mdomoni. Halafu siku moja unakaa kwenye mtihani wa lugha yenyewe, matokeo yanatoka, lo! Umechemsha.

Hapa kwetu watu wa namna hii tunawajua. Ni wale vijana wa mjini wanaochana Kiswahili kijiweni mpaka wazee wanatafuta mkalimani, lakini ikija karatasi ya Kiswahili ya Kidato cha Nne wanatoka jasho kama wamebeba magunia. Sasa msidhani kasheshe hilo ni letu peke yetu. Huko Marekani wenzetu wanalo pia, na lao linaitwa Kihispania.

Marekani hakuna uhaba wa Kihispania, bwana. Watu zaidi ya milioni 40 wanakiongea majumbani mwao, na ndiyo lugha ya kigeni inayosomwa kuliko zote mashuleni. Kijana akifika miaka ya mwisho ya sekondari anaweza kuingia darasa la juu linaloitwa AP Spanish Language and Culture. AP ni kifupi cha Advanced Placement, mpango unaosimamiwa na taasisi ya College Board tangu miaka ya 1950. Humo mwanafunzi anasoma somo la kiwango cha chuo kikuu akiwa bado yuko sekondari, na mwezi Mei anakutana na mtihani.

Maksi zinaanzia 1 mpaka 5. Ukipata 3 umepita, ingawa vyuo vingine vinataka 4 au 5. Na hapa ndipo penye mshiko. Ukifika chuoni na maksi nzuri, vyuo vingi vinakuhesabia kwamba somo hilo umeshalisoma. Kwa nchi ambayo ada ya chuo inawaacha watu na madeni mpaka uzeeni, hilo si jambo la kuchezea. Mtihani wenyewe mwaka 2025 ulikuwa karibu dola 100. Weka kwenye mzani uone.

Wawili kwenye dawati moja

Ukiingia darasa hilo utawakuta watu wa aina mbili. Wa kwanza tumwite Mtoto wa Nyumbani. Wazazi wake wametoka Meksiko, El Salvador, Jamhuri ya Dominika au kwingineko. Anaongea Kihispania kama maji, anaelewa utani, anajua nyimbo. Lakini shule yote amesoma kwa Kiingereza, kwa hiyo kuandika ni kimbembe. Alama za juu ya herufi hazijui. Anaandika jinsi anavyosikia. Anasema "haiga" kama bibi yake wa kijijini wakati mtihani unataka "haya". Gari la mizigo kwake ni "troca", chakula cha mchana ni "lonche", yaani Kiingereza kimevalishwa kofia ya Kimeksiko. Mtaani bomba tu, anaelewana na kila mtu.

Wa pili ni Mtoto wa Kitabu. Nyumbani kwao ni Kiingereza asubuhi, mchana na jioni. Kihispania amekibukua darasani miaka minne, vitenzi vyote anavikariri kama shairi. Ukimpa karatasi anajaza nafasi zote. Mpeleke sasa kwa muuza tako pembeni ya barabara aagize chakula: anatoa macho. Anatafsiri kichwani neno moja moja, na akimaliza kutafsiri, foleni imeshampita.

Tena kutafsiri huko kuna siku kutamwaibisha. Anataka kusema ameona haya, anaokota neno linalofanana na la Kiingereza, anasema "estoy embarazada". Kumbe ametangaza kwamba ana mimba! Au anataka kuandika umri wake, miaka 17, anasahau kile kiwimbi juu ya herufi n. "Año" ni mwaka. "Ano" ni tundu la haja kubwa. Sasa fikiria mwenyewe barua ya kuomba nafasi ya masomo inayosema mwombaji anayo 17.

Kila mmoja anamdharau mwenzake. Mtoto wa Nyumbani anaona darasa ni mteremko, anakuja kuzuga tu. Mtoto wa Kitabu anaona mwenzake hajui hata kanuni. Mwalimu mwenye uzoefu anawaweka dawati moja, kwa sababu alichokosa huyu anacho yule.

Sekunde 20 za kujieleza

Mtindo wa mtihani ulioanza Mei 2014 ulikuwa hivi. Nusu ya kwanza ni maswali 65 ya kuchagua jibu: unasoma matangazo, barua na makala, unasikiliza mahojiano na taarifa za redio. Nusu ya pili ndiyo yenye moto, na ina kazi nne.

Moja, unajibu barua pepe kwa dakika 15. Hapo lazima utumie "usted", ile "wewe" ya heshima, badala ya "tú" ya mshikaji wako. Kumwandikia meneja kwa "tú" ni sawa na kuingia ofisini kwa mzee wa watu ukamwambia "mambo vipi" mahali pa shikamoo. Mtoto wa Nyumbani anaanguka hapa mara nyingi, maana nyumbani hajawahi kumwandikia meneja.

Mbili, unaandika insha ya kutetea msimamo. Unapewa makala, jedwali au grafu, na sauti ya kusikiliza. Vyanzo vyote vitatu lazima uvitumie. Huwezi kuandika "mimi naona" mwanzo mpaka mwisho.

Tatu, mazungumzo. Sauti inatoka kwenye mashine, inakusalimia, inakuuliza, nawe unapewa sekunde 20 tu kujibu. Mara tano. Mtoto wa Kitabu hapa ndipo roho inapomtoka, kwa sababu sekunde 20 hazitoshi kutafsiri kitu.

Nne, unasimama na kulinganisha utamaduni wa jamii yako na wa sehemu moja inayoongea Kihispania. Dakika nne za kujiandaa, mbili za kusema. Ukisema "huko watu wanapenda ngoma na chakula" umejikaanga. Wanataka mahali, desturi, na kwa nini iko hivyo.

Wanaosahihisha hawawindi kosa moja moja kama paka na panya. Wanaangalia kama umeeleweka bila msikilizaji kukunja uso, na kama lugha yako ina upana. Aliyejaribu sentensi ngumu akateleza kidogo anaweza kumpita aliyejificha kwenye sentensi za mtoto wa chekechea.

Walipomzika Bwana Kihispania

Sasa msomaji utauliza, mbona Mtoto wa Nyumbani hakufundishwa kuandika lugha ya mama yake tangu mwanzo? Swali zuri. Jibu lake halifurahishi.

Twende Marfa, mji mdogo jimboni Texas. Kulikuwa na shule ya watoto wenye asili ya Meksiko, waliotengwa na Wazungu, inaitwa Blackwell. Mwaka 1954 wanafunzi waliandikishwa maneno ya Kihispania kwenye vikaratasi, vikatiwa kisandukuni, wakafanyiwa maziko ya "Bwana Kihispania". Naam, maziko! Kuanzia hapo lugha ya nyumbani marufuku shuleni. Shule ilifungwa mwaka 1965. Mwaka 2007 wanafunzi wa zamani, sasa watu wazima wenye mvi, walirudi wakafanya tendo la kumfukua marehemu wao. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa kulifanya jengo hilo kuwa eneo la kihistoria la taifa.

Sisi tuliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, hadithi hiyo hatuhitaji kuchorewa picha.

Matokeo yake wazazi wengi waliogopa, wakaona bora mtoto ajue Kiingereza tu asije akachekwa. Leo wajukuu wao wana majina ya Kihispania lakini ulimi mzito. Wana jina lao mtaani, "no sabo". Maana yake "sijui", ila imekosewa. Ilitakiwa "no sé". Yaani hata kusema hujui umekosea! Ndugu wa Meksiko wanacheka, na kijana anajikuta hana kwao: kwa Wazungu ni mgeni, kwa bibi yake ni mzungu.

Mambo yamekuwa yakibadilika pole pole. California, iliyopiga kura mwaka 1998 kubana masomo ya lugha mbili, ilipiga kura tena mwaka 2016 ikaifuta sheria hiyo. Tangu 2012 jimbo hilo linabandika muhuri maalumu kwenye cheti cha mhitimu anayemudu lugha mbili, na maksi 3 kwenye mtihani wa AP ni njia mojawapo ya kuupata. Majimbo mengine yamefuata. Lugha iliyozikwa kisandukuni sasa inapewa muhuri.

Mwalimu anataka nini hasa?

Tukirudi darasani, mwalimu wa darasa hili anataka mambo machache, ila anayataka kila siku.

Kwanza, Kiingereza kibaki mlangoni. Ukikwama kwenye neno, lizunguke. Hujui neno la kikaango? Sema "kile chombo cha kukaangia mayai". Anayezunguka neno anaongea. Anayekimbilia Kiingereza amenyamaza.

Pili, sikiliza Kihispania cha kila pembe. Lugha hii ni rasmi katika nchi 20, pamoja na Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika, na pia kisiwani Puerto Rico. Basi la abiria Kuba na Puerto Rico ni "guagua". Ukienda Chile ukasema unasubiri "guagua", watu watakupa hongera, maana huko guagua ni mtoto mchanga.

Tatu, soma na andika kila wiki, tena andika upya. Insha ya kwanza ni ya kutoa vumbi. Ya pili ndiyo ya kumpa mwalimu.

Nne, na hii ni kubwa, zoea hali ya kutaka, kutumaini na kutilia shaka. Kihispania kinabadilisha kitenzi hapo. "Unakuja" ni "vienes", lakini "nataka uje" ni "quiero que vengas". Mzungumzaji wa Kiingereza anaumwa kichwa miezi mingi. Sisi je? Hakuna Mswahili anayesema "nataka unakuja". Tunabadilisha bila kufikiri. Na wao wana neno "ojalá" la kutumaini, lililotokana na Kiarabu, lina jina la Mungu ndani yake kama inshallah yetu, tangu Waislamu walipotawala sehemu za Hispania kati ya 711 na 1492. Sukari yetu ni "azúcar" yao, zeituni ni "aceituna". Meza ni "mesa", ingawa sisi tuliipata kwa Wareno. Kwa hiyo kijana wa Kiswahili anayejikuta kwenye darasa la namna hii asijione yatima. Ana ndugu humo.

Gia mbili

Mwisho wa yote, darasa hili halimwambii Mtoto wa Nyumbani kwamba Kihispania cha bibi ni kibovu. Walishasema hivyo Marfa, tumeona walikofikia. Linamwongezea gia. "Haiga" ibaki jikoni, pale inapopendeza, na "haya" iende kwenye barua ya kazi. Dereva mwenye gia moja hafiki mbali, hata kama gari ni la baba yake.

Na Mtoto wa Kitabu naye anajifunza kwamba kanuni ni ramani tu, barabara lazima aitembee mwenyewe, akosee, achekwe, aagize tena tako yake.

Akifaulu, chuo kinaweza kumpunguzia somo. Hiyo ni pesa. Lakini kuna faulu nyingine isiyoandikwa kwenye cheti. Ni siku yule "no sabo" anapompigia simu bibi yake, bila mama kukaa katikati kutafsiri, wakaongea wee mpaka salio likaisha. Siku hiyo marehemu wa Marfa amefufuka kwelikweli.

Na wewe unayejidai Kiswahili umezaliwa nacho, karatasi yako ya mwisho ulipata ngapi? Usinijibu. Nenda kasome.